Zaire mpya: Fedha ya Serikali iliyoshindwa na noti chakavu za Kasai

JUNI 30, 1998, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoanza kutumia faranga yake, wananchi walitangaziwa viwango viwili vya kubadilishia fedha walizokuwa nazo mkononi.

Kwa wakazi wa Kinshasa, Lubumbashi na sehemu kubwa ya nchi, faranga moja ilipatikana kwa kutoa zaire mpya 100,000. Kwa wakazi wa majimbo mawili ya Kasai, ambao walikuwa bado wanatumia noti zilizofutwa kisheria tangu mwaka 1993, faranga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 14.

Kwa kutazama harakaharaka mtu anaweza kudhani kuwa watu wa Kasai walionewa. Hesabu inasema vingine. Zaire mpya moja ilipozinduliwa ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Kwa kipimo hicho, zaire mpya 100,000 zingepaswa kuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300.

Maana yake ni kwamba noti iliyokatazwa na Serikali, iliyochakaa na kuunganishwa kwa gundi, ilikuwa imehifadhi thamani yake zaidi ya mara 21,000 kuliko ile iliyotoka kiwandani ikiwa na sura ya Rais na saini ya gavana wa Benki Kuu.

Mambo hayo yalifikaje hapo? Jibu linahitaji kurudi nyuma miaka 31.

Zaire ya kwanza ilizaliwa Juni 1967, miaka miwili baada ya Mobutu Sese Seko kutwaa madaraka. Ilichukua nafasi ya faranga ya Kongo kwa kiwango cha zaire moja kwa faranga 1,000, na zaire moja ilikuwa na thamani ya Dola mbili za Marekani. Ilikuwa fedha nzito, na nchi ilikuwa na shaba ya kuitegemeza. Mwaka 1971 jina hilo likapewa nchi yenyewe na mto wake mkubwa.

Kuporomoka kulianza baada ya bei ya shaba kuanguka mwaka 1974, wakati ambapo mashamba na biashara za wageni zilikuwa zimekwisha kugawiwa vigogo wa utawala. Kutoka hapo thamani ya zaire ilishushwa mara nyingi.

Pigo ambalo wengi hawakulisahau lilikuja Desemba 1979, Serikali ilipofuta ghafla noti za zaire 5 na 10 na kutoa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwenye rafiki benki alinusurika. Mkulima aliyeficha akiba yake nyumbani, mbali na tawi lolote la benki, alibaki na karatasi. Hapo ndipo raia wa kawaida alipojifunza kwamba fedha ya Serikali inaweza kufa usiku mmoja, na somo hilo lilikuja kuonekana tena miaka 14 baadaye.

Mwaka 1990 ulileta misukosuko miwili kwa pamoja. Mwezi Aprili Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na Septemba sehemu ya mgodi mkubwa wa Kamoto iliporomoka. Uzalishaji wa shaba wa shirika la umma la Gecamines, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, haukufika tani 50,000 mwaka 1993. Wafadhili nao, Ubelgiji ikiwa mstari wa mbele, walikuwa wakifunga mikoba yao.

Serikali isiyokuwa na shaba, kodi wala misaada ilibaki na mashine ya kuchapa noti. Jeshi lililipwa kwa noti mpya, watumishi wakalipwa kwa noti mpya, na gharama za siasa za kuwagawa wapinzani zikalipwa kwa noti hizo hizo.

Mapema mwaka 1993 ikatoka noti ya zaire milioni tano. Thamani yake ilikuwa karibu Dola mbili, yaani kile ambacho zaire moja ilikuwa ikinunua mwaka 1967.

Wakati huo nchi ilikuwa na vituo viwili vya madaraka kwa vitendo. Mkutano Mkuu wa Taifa ulikuwa umemchagua kiongozi wa upinzani, Etienne Tshisekedi, Agosti 1992, na Mobutu alikuwa akitaka kumwondoa. Tshisekedi alitangaza kwamba noti ya milioni tano si fedha halali. Wenye maduka wakamsikiliza yeye.

Askari waliokuwa wamelipwa mshahara kwa noti hiyo walipokwenda kununua mahitaji walikataliwa. Januari 28, 1993, walianza kupora jiji la Kinshasa. Mamia ya watu waliuawa katika siku zilizofuata, miongoni mwao Balozi wa Ufaransa nchini humo, Philippe Bernard. Ni nadra kuona hoja ya uhalali wa noti ikigharimu roho nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi namna ile.

Machi mwaka huo upande wa Mobutu ulimteua Faustin Birindwa, aliyewahi kuwa mwenzake Tshisekedi katika upinzani, kuunda serikali nyingine. Ni serikali hiyo, isiyotambuliwa na nusu ya wanasiasa wa nchi, iliyochukua jukumu la kutengeneza fedha mpya.

Zaire mpya ilitangazwa Oktoba 1993. Sufuri zilikatwa kwa mkupuo na zaire mpya tatu zikatajwa kuwa sawa na Dola moja. Palikuwa na makuta mapya pia, kana kwamba bei zingeendelea kuhesabiwa kwa senti. Sura iliyochapwa ilikuwa ileile, Mobutu na kofia yake ya ngozi ya chui.

Kilichobadilika ni karatasi tu. Bajeti haikubadilika, mashine haikuzimwa, na hapakuwa na akiba yoyote mpya ya fedha za kigeni nyuma ya noti hizo. Kabla mwaka haujaisha, Dola moja ilikuwa imekwisha kupanda kutoka zaire mpya tatu hadi zipatazo 35. Mwisho wa mwaka 1994 ilikuwa imepita 3,000.

Mfumuko wa bei mwaka 1994 ulifikia karibu asilimia 24,000. Takwimu ya namna hiyo ni vigumu kuielewa mpaka ishushwe sokoni. Kitu kilichouzwa zaire mpya moja mwanzoni mwa mwaka kilihitaji mamia mwishoni mwake. Mwalimu aliyelipwa mwisho wa mwezi alikuwa anapokea malipo ya kazi ambayo thamani yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na hapo ni pale mshahara ulipofika. Katika mitaa ya Kinshasa, eneo la wabadilisha fedha lililopewa jina la Wall Street ndilo lililokuwa likipanga kiwango cha siku, na Benki Kuu ikafuata nyuma.

Upande wa Kasai mambo yalikwenda njia nyingine kabisa.

Tshisekedi, ambaye asili yake ni huko, aliwataka wananchi kuikataa fedha ya Birindwa, na Kasai ikaikataa kweli. Lakini kusema kwamba walimfuata mtu wa kwao tu ni kuwapunja. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa kutoka Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, katika kampeni iliyochochewa na viongozi wa jimbo hilo. Walirejea Mbuji-Mayi na Kananga wakiwa wamepoteza nyumba na kazi. Kuwaambia watu hao wakabidhi akiba iliyobaki, wapewe noti za serikali wasiyoitambua, kulihitaji imani ambayo haikuwapo. Na kumbukumbu ya mwaka 1979 ilikuwa bado mbichi.

Kasai pia ilikuwa na almasi. Jimbo linalouza almasi linaweza kupata Dola bila kupitia hazina ya Kinshasa, na hilo liliwapa wafanyabiashara wake ubavu ambao wenzao wa Bandundu au Equateur hawakuwa nao.

Noti za zamani zilizopoteza thamani Kinshasa zikawa bidhaa. Zilisafirishwa kwenda Kasai, mahali pekee zilikokuwa bado zinanunua unga na mafuta. Zilipokwisha kufika huko, hapakuwa na nyingine za kuongeza. Mashine zilikuwa zinachapa zaire mpya, na kwa sababu hiyo hakuna waziri, jenerali wala gavana aliyeweza kuongeza hata noti moja katika mzunguko wa Kasai.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Oktoba 1993 Dola moja ilikuwa sawa na zaire za zamani zipatazo milioni tisa. Ukikokotoa kwa kiwango cha Juni 1998, ilikuwa imefika takriban milioni 19 au 20. Kwa miaka mitano fedha ya Kasai ilipoteza kama nusu ya thamani yake. Katika kipindi hicho hicho zaire mpya ilitoka tatu kwa Dola hadi karibu 140,000.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba Kasai ilikuwa peponi. Noti zilichanika na kuoza, na chenji ilikuwa adimu. Mtumishi wa Serikali aliyelipwa kwa fedha mpya hakuwa na mahali pa kuzitumia sokoni, na mfanyabiashara aliyetaka bidhaa kutoka Kinshasa alilazimika kwanza kupitia Dola au almasi. Nchi ilikuwa imegawanyika kifedha kabla vita havijaigawa kijeshi.

Waziri Mkuu Kengo wa Dondo, aliyeshika wadhifa huo Julai 1994, alijaribu kubana matumizi. Mfumuko wa bei ulishuka mwaka 1995 hadi mamia ya asilimia, jambo ambalo kwa nchi nyingine lingekuwa msiba lakini kwa Zaire lilikuwa nafuu. Nafuu hiyo haikudumu. Oktoba 1996 vita vilianza mashariki, na mashine zikafunguliwa tena.

Agosti mwaka huo Mobutu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume nchini Uswisi. Noti za zaire mpya 500,000 na milioni moja zilipoingia mitaani, wananchi walizibatiza jina la ugonjwa huo: prostate. Katika maeneo yaliyotekwa na majeshi ya Laurent Kabila noti hizo kubwa zilikataliwa. Kinshasa ilianguka Mei 17, 1997, na Mobutu alifariki dunia uhamishoni nchini Morocco Septemba mwaka huo. Fedha yake iliishi zaidi yake kwa miezi michache tu.

Faranga iliyofuata ilianza vizuri, ikiwa chini ya gavana mpya wa Benki Kuu, Jean-Claude Masangu. Dola moja ilikuwa karibu faranga 1.4. Kisha Agosti 2, 1998, wiki tano tu baada ya uzinduzi, vita vya pili vikalipuka na Serikali ikarudi kwenye tabia ya kale. Januari 1999 matumizi ya fedha za kigeni yalipigwa marufuku, amri ambayo ilizisukuma Dola mafichoni badala ya kuziondoa. Kufikia mwaka 2001, Dola ilikuwa imepita faranga 300. Uchapaji ulidhibitiwa mwaka huo baada ya Joseph Kabila kurithi madaraka, na bei zikatulia.

Hata hivyo imani haikurudi kwa kasi hiyo. Hadi miaka ya karibuni sehemu kubwa ya amana katika mabenki ya Kongo imeendelea kuwekwa kwa Dola, na kodi za nyumba mijini hutajwa kwa Dola. Faranga, ambayo kwa miaka ya karibuni imebadilishwa kwa zaidi ya 2,000 kwa Dola moja, ni fedha ya sokoni na ya nauli.

Kumbukumbu za Kasai zilipata mfano mwingine mwaka 2025. Waasi wa M23 walipoiteka Goma mwezi Januari, na Bukavu mwezi uliofuata, mabenki yalifunga milango na noti mpya kutoka Kinshasa zikakoma kuingia. Wakazi walibaki na zile zilizokuwa mikononi mwao, zikizunguka na kuchakaa, huku Dola, simu za mkononi na fedha za nchi jirani zikiziba pengo.

Suala hilo linazihusu pia nchi jirani. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ina itifaki ya umoja wa fedha iliyosainiwa Kampala Novemba 2013. Lengo la kwanza lilikuwa sarafu moja ifikapo 2024. Sasa limesogezwa hadi 2031. Mazungumzo mengi kuhusu itifaki hiyo yamehusu viwango: nakisi ya bajeti, deni la taifa, akiba ya fedha za kigeni na mfumuko wa bei. Swali ambalo mama wa sokoni wa Mbuji-Mayi angeliuliza kwanza ni jingine, nalo ni nani atakuwa na uwezo wa kukataa pale waziri wa nchi mojawapo atakapoomba noti zichapwe kulipa askari.