Afya Yetu: Kiharusi Hakingoji Kesho



Wengi wenu mnakumbuka mkutano wetu wa Novemba, ule wa mashindano ya methali uliokatika katikati. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alipokea simu kutoka Dar es Salaam, akatoka nje kuisikiliza, akarudi analia. Mjomba wake, fundi cherehani wa miaka 52, alikuwa anakata kitambaa saa nne asubuhi, mara mkasi ukamponyoka. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na alipotaka kuita mtu maneno yakatoka hayana kichwa wala miguu. Nyumbani wakasema amepigwa na upepo mbaya. Akachuliwa mafuta, wakamwacha alale wakitumaini kesho atakuwa na nafuu. Kesho yake akapelekwa kwa mganga. Hospitali alifika siku ya tatu, na simu ile ilipigwa kutoka huko.

Tulimzunguka mwenzetu tukimpa pole, naye akauliza swali moja tu: "Lakini kimetokea nini hasa?" Tulikuwa watu zaidi ya ishirini mle ndani, wa sheria, wa uhandisi, wa uchumi, hata wa sayansi za maabara. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa Kiswahili kilichonyooka. Tuliona aibu. Siku hiyo tuliahidi kuandika makala hii, na mwenzetu ametupa ruhusa tusimulie habari ya mjomba bila kutaja majina.

Tuanze na swali lake. Ubongo hauna akiba. Kila sehemu yake huishi kwa damu inayoletwa na mishipa dakika kwa dakika. Damu isipofika mahali fulani, sehemu hiyo huanza kufa, na kazi iliyokuwa ikifanywa hapo husimama: kuinua mkono, kutembea, kusema, kuona. Hicho ndicho kiharusi. Huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshipa kuzibwa na bonge la damu. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo. Duniani aina ya kwanza ndiyo iliyo nyingi, ila Afrika sehemu ya wale wanaopasukiwa na mshipa ni kubwa kuliko Ulaya. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndiko usemi unakokaa. Kwa hiyo mkono wa kulia wa mjomba na ulimi wake viliangushwa na jeraha moja.

Kuhesabu kiharusi si kazi nyepesi. Ukiwahesabu waliolazwa hospitali peke yao, unawaacha waliofia nyumbani. Ndiyo maana tunauthamini sana utafiti uliofanyika Tanzania kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, ukiongozwa na Dakta Richard Walker, daktari wa hapa Uingereza, pamoja na wenzake wa Tanzania. Walichagua sehemu mbili, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na eneo moja la jiji la Dar es Salaam, wakawatafuta wagonjwa hospitalini na majumbani. Kwa waliokwisha kufariki, waliwauliza ndugu dalili zilizotangulia kifo. Katika miaka mitatu walipata wagonjwa 636.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, ili jiji lenye vijana wengi lilinganishwe kwa haki na wilaya yenye wazee wengi, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na karibu 316. Ni karibu mara tatu, na kiwango hicho cha jiji kilizidi vile vya nchi nyingi tajiri. Tuliokua tukiamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na wa wazee, hapo tunyamaze kidogo.

Kuna utafiti mwingine uliokwenda sambamba na huo, wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008. Wao waliwauliza watu wa sehemu hizohizo mbili kiharusi kinatoka wapi, na mtu akishikwa hupelekwa wapi kwanza. Tulidhani tunajua jibu kabla ya kusoma: kijijini watasema mashetani, mjini watasema presha. Ikawa kinyume. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, na kimbilio lao la kwanza lilikuwa hospitali. Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi, na kimbilio la kwanza likawa mganga. Jiji ambalo hospitali zake ziko karibu zaidi ndilo lililozikwepa.

Hatuandiki haya ili tuwacheke watu wetu. Hebu jiweke nafasi ya shangazi yake mwenzetu, mke wa mjomba. Mtu ameamka mzima, amekunywa chai, ametania wateja. Saa nne nusu ya mwili wake imekufa ganzi, wala hakuanguka, hakupigwa, hakuwa na homa. Nani asingetafuta mkono uliompiga? Maelezo ya upepo mbaya yana nguvu kwa sababu yanaeleza ule ughafla. Tukitaka watu wayaache, ni lazima tuwape maelezo yanayoueleza ughafla huo vizuri zaidi.

Nasi tunayo. Kiharusi huja ghafla, lakini hutayarishwa kwa miaka. Mto hula ukingo wake kwa chini kidogo kidogo, juu majani yanaendelea kuota. Siku ukingo unapobomoka, mpita njia husema umebomoka leo. Mlaji mkubwa wa kingo zetu ni presha. Utafiti mkubwa wa nchi 32, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanabeba takriban viharusi tisa katika kila kumi: presha, sigara, kisukari, kutofanya mazoezi, ulaji mbaya, unene wa kiuno, pombe, mafuta mabaya katika damu, magonjwa ya moyo, na msongo wa mawazo. Presha peke yake ilibeba karibu nusu. Kwa Dar es Salaam, kundi la Dakta Walker lilikuta pia uhusiano kati ya kiharusi na maambukizi ya VVU, jambo linalotukumbusha kwamba kiharusi hakichagui wenye vitambi peke yao.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mwenzetu alipouliza nyumbani, aliambiwa kuwa miaka mitatu nyuma mjomba alipimwa akakutwa na 170 kwa 100. Kwa kipimo cha zahanati, kuanzia 140 kwa 90 tayari ni presha ya kupanda ikirudiwa kupimwa na kubaki hapo. Alipewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akasema amepona, akaacha. Sisi tumezoea dawa za malaria: unamaliza dozi, unaendelea na maisha. Dawa ya presha haiendi hivyo. Inashikilia ukingo kwa muda ule tu unapoimeza.

Na sisi tulio huku tusidhani tumevuka bahari tukaiacha presha forodhani. Katika mitaa ya Lambeth na Southwark, kusini mwa London, kuna daftari la wagonjwa wa kiharusi linaloandikwa tangu mwaka 1995. Limeonyesha mara kwa mara kwamba watu weusi wa mitaa hiyo hupata kiharusi kwa kiwango kikubwa kuliko majirani zao weupe, na hukipata wakiwa na umri mdogo zaidi. Wengi wa wazazi, shangazi na kaka zetu walioko hapa hufanya kazi za zamu za usiku, hula wakiwa njiani, na kwenda kwa daktari ni mpaka waugue. Waulizeni mara ya mwisho wamepimwa lini.

Sasa tuje kwenye zile saa za mwanzo. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba kiharusi cha kuzibwa kinaweza kutibiwa kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu ikitolewa ndani ya saa tatu. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaongeza muda huo hadi saa nne na nusu. Lakini kwanza lazima kichwa kipigwe picha, kwa maana dawa hiyohiyo akipewa aliyepasukiwa na mshipa itamwongezea kuvuja damu. Kwa sababu hiyo pia msimpe mgonjwa aspirini nyumbani kabla ya picha. Wala msimpe maji au uji kabla hajapimwa kumeza, maana koo nalo linaweza kuwa limepooza na uji ukaingia mapafuni.

Tunajua kwamba dawa hiyo na mashine hiyo ya picha haviko kila mahali nyumbani. Bado kuwahi kuna faida: presha itashughulikiwa, kumeza kutapimwa, mgonjwa atageuzwa asipate vidonda vya kulala, na mazoezi ya viungo yataanza mapema. Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba katika kiharusi kikubwa cha kuzibwa, kila dakika inayopita bila matibabu ubongo hupoteza chembe za neva milioni 1.9. Fanyeni wenyewe hesabu ya siku tatu.

Waingereza wana neno lao la kukumbukia dalili, FAST, lililobuniwa Newcastle mwaka 1998, na kwao lina maana ya haraka. Tukilitafsiri herufi kwa herufi halibaki neno. Kwa hiyo kamati ya safu hii ilikaa jioni mbili ikatafuta letu, na tunaliweka mbele yenu: HIMA.

H ni Hali ya uso: mwambie atabasamu, utazame kama upande mmoja umelegea. 
I ni Inua mikono: mwambie ainue yote miwili, utazame kama mmoja unashuka. 
M ni Maneno: mwambie arudie sentensi fupi, usikilize kama inaeleweka. 
A ni Anza safari: dalili moja tu ikionekana, safari ya hospitali ianze saa hiyohiyo, na saa dalili ilipoanza ikumbukwe ili daktari aambiwe. Hapa Uingereza, piga 999.

Dalili zikitoweka zenyewe baada ya dakika chache, safari iko palepale. Hicho ni kiharusi kinachobisha hodi, na kikubwa kinaweza kufuata. Walimu wetu wa isimu wakiwa na neno bora kuliko HIMA, ukurasa huu uko wazi kwao. Tunachoomba ni kwamba neno lolote litakalochaguliwa lifike nyumbani kabla ya simu inayofuata.

Mjomba yu hai. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia haujarudi, na cherehani sasa inaendeshwa na mwanawe. Usemi wake umebaki na neno moja. Mwenzetu anasema alipompigia mara ya kwanza alimwamkia, "Shikamoo mjomba," naye akajibu, "Ndiyo." Umekula? Ndiyo. Bado hujala? Ndiyo. Alilia siku hiyo, lakini baadaye mtaalamu mmoja wa usemi alimweleza kwamba akili ya mjomba haijapotea. Kilichofungwa ni mlango wa maneno. Sasa hupigiana simu za video. Mwenzetu huuliza, mjomba huinua kidole gumba kwa ndiyo ya kweli na hutikisa kichwa kwa hapana, hata kama mdomo umesema ndiyo. Wagonjwa wengi wa kiharusi, takriban mmoja kati ya watatu, hupata sonona baadaye. Simu kama hizo nazo ni sehemu ya tiba.

Katika mkutano wetu ujao mashine ya kupima presha itakuwa mezani pembeni ya birika la chai. Kila mwanachama na kila mwalimu atapimwa, nasi wana kamati tutatangulia. Kabla ya hapo kila mmoja apige simu moja nyumbani, aulize namba mbili za presha ya mama, baba, mjomba au bibi. Wakijibu kwamba hawajapima, au walipewa vidonge wakaacha kwa kuwa wanajisikia vizuri, basi mna mazungumzo ya kufanya. Tunaotuma fedha za sikukuu, safari hii tuombe sehemu yake inunue mashine ya nyumbani ya mkononi, na kijana mmoja wa nyumba aonyeshwe namna ya kuitumia.

Hadi toleo lijalo, tunawatakia afya njema.