Nenda Mara, Ila Usiishie kwa Nyumbu

Ndugu zangu wa mjini, hebu tuulizane. Mtu akikutajia mkoa wa Mara, kichwani kinakujia nini? Nyumbu wa Serengeti. Mwalimu Nyerere na Butiama yake. Dhahabu ya Nyamongo. Na wenye utani mtaongeza mapanga ya Tarime. Basi, orodha imekwisha.

Mimi nataka kuongeza kitu kimoja kwenye orodha hiyo: mawe.

Nimetoka kukaa Morotonga, kata iliyopo Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Magari ya watalii yanapita pale, vioo vimefungwa, yanaelekea hifadhini. Ukiwauliza vijana wa pale mgeni atembelee nini, jibu ni moja: "Huku hakuna kitu, kaka. Vitu vyote viko hifadhini." Umeona? "Kitu" maana yake mnyama. Binadamu na historia yake hawahesabiki.

Lakini ukikaa na wazee mambo yanabadilika. Mzee mmoja nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisimulia maboma ya mawe ambamo babu zao walikuwa wakijificha pamoja na ng'ombe wao wavamizi walipokuja. Simulizi za namna hii ziko kwa Wangoreme na majirani zao. Nikamuuliza kijana aliyekuwa karibu yetu kama alikuwa anazijua. Akacheka tu.

Sasa angalia kichekesho. Moja ya mageti ya hifadhi linaitwa Fort Ikoma, kutokana na ngome waliyoijenga Wajerumani walipotutawala. Yaani ngome ya mkoloni, aliyekaa miaka michache akaondoka, iko kwenye ramani na kwenye vitabu vya watalii. Boma la babu yako halipo popote! Nani alipanga iwe hivyo? Na sisi tumekubali kwa nini?

Kama unadhani nakuza mambo, fanya safari niliyofanya mimi. Kutoka Mugumu unapanda gari la Tarime, unavuka mto Mara, unapita Nyamongo. Tarime unaunganisha hadi Sirari, unagonga muhuri, unaingia Isebania upande wa Kenya, halafu Migori. Kutoka mji wa Migori ni kama kilomita 46 kuelekea kaskazini magharibi. Huko ndiko iliko Thimlich Ohinga.

Ohinga kwa Kijaluo ni boma au ngome. Ukifika unakuta kuta za mawe matupu, hazina saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Zina urefu wa mita moja na nusu hadi zaidi ya nne, na unene wa karibu mita moja. Zimesimama tangu karne ya 16 hivi! Fundi alipanga mawe ya nje na ya ndani, katikati akajaza vijiwe vidogo, kila jiwe likambana mwenzake. Milango ni midogo, lazima uiname kuingia. Hiyo ilikuwa akili ya ulinzi: adui aliyeinama hana ujanja. Ndani kuna sehemu za mifugo na za makazi. Boma kubwa linaitwa Kochieng, na yapo mengine yenye majina ya Kakuku, Koketch na Koluoch. Miti na vichaka vimelizunguka eneo lote, ndege wanaimba, na kimya chake si cha mjini.

Kilichonigusa zaidi ni habari za wenyewe. Watafiti wanasema mahali pale paliishi watu wa makundi tofauti kwa kupokezana, Wabantu na Waniloti. Waliofika nyuma hawakubomoa kuta za waliotangulia. Walizikarabati, wakaishi humo. Kwetu Tarime koo zimewahi kupigana hadi kuuana kwa ajili ya mifugo na mipaka ya ardhi. Nadhani somo hilo tungelihitaji sana.

Kenya waliitangaza Thimlich Ohinga kuwa mnara wa taifa mwaka 1981. Mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kumbe inawezekana. Zimbabwe nchi nzima imepewa jina la magofu ya mawe, yale ambayo walowezi walikataa katakata kwamba yalijengwa na Waafrika. Kambodia wameweka hekalu la Angkor Wat kwenye bendera ya taifa. Sisi Watanzania tuna Engaruka, wilaya ya Monduli, mji wa kale wenye mifereji ya umwagiliaji na matuta ya mawe. Nitajie rafiki zako watatu waliowahi kufika.

Najua hoja mtakayoleta: watalii wanalipa dola kuona simba, nani atalipa kuona mawe? Sitaki kuwadanganya, Thimlich Ohinga hutakuta foleni ya magari wala hoteli ya nyota tano. Ila mimi sizungumzii dola kwanza. Filamu ya kina Grzimek ya mwaka 1959 iliwafundisha walimwengu kuiona Serengeti kama nchi ya wanyama, na watu waliokuwa wakiishi humo wakaonekana kama usumbufu. Mtu asiyejua kwamba babu yake alijenga atamjibu nini anayemwambia kwamba yeye ni mvamizi kwenye ardhi ya nyumbu? Mawe yale ni ushahidi. Ukiyang'oa ukajengea msingi wa banda, umechoma hati yako mwenyewe.

Na sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Walimu wa Mugumu wawatume wanafunzi kwa wazee wao na daftari. Vijana wenye simu zenye kamera wapige picha, warekodi sauti, waandike jina la kilima na la ukoo. Maafisa utamaduni wa wilaya wapokee orodha hiyo na waende kukagua.

Na wewe wa Dar, Mwanza au Nairobi, likizo ijayo nenda Serengeti, waone nyumbu wakivuka mto, ni maajabu kweli. Kisha toka nje ya geti, kaa Mugumu siku mbili, mtafute mzee, umpe heshima yake na umuulize. Wazee wenyewe hawatusubiri. Kila msiba tunaohudhuria tunazika maktaba.

Je, kijijini kwenu kuna kilima gani chenye mawe yaliyopangwa, na nani bado anakumbuka aliyeyapanga?