UMEUONA, AU UMEAMBIWA?

 

Neno la leo ni fupi lakini litawasha. Fungua Yohana 7:50-52, soma polepole, kisha urudi hapa. Usiandike Amina kabla hujafika mwisho.

Tangu Alhamisi, tarehe 10 Aprili, kila mtu kisiwani amekuwa mwamuzi wa drama. Kuanzia Sena mpaka ng'ambo Mbita, kwa status, kwa kikundi cha akina mama, hata kwa kikundi cha maombi. Mmoja anasema wasichana wa Butere wamekosa adabu. Mwingine anasema wamelipwa. Wa tatu anasema huo ndio mchezo bora kuwahi kuandikwa Kenya.

Nawauliza nyote watatu swali moja: MLIUONA WAPI?

Tuweke ukweli mezani. Mchezo unaitwa Echoes of War, na mwandishi wake ni Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Ulizuiliwa kuendelea mashindanoni. Kesi ikafika Mahakama Kuu kule Kisii, na tarehe 3 Aprili mahakama ikaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza kwenye tamasha la kitaifa Nakuru. Jumatano polisi wakamkamata Malala. Alhamisi wasichana wakaingia jukwaani pale Kirobon bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nje kukarushwa vitoa machozi.

Ndiyo hayo. Mchezo wenyewe Nakuru haukuigizwa. Kwa hivyo wewe unayetoa hukumu hujahukumu mchezo. Umehukumu klipu ya watoto wanaotoka jukwaani.

Mpendwa, unajua amri inayokataza kumshuhudia jirani yako uongo, Kutoka 20:16. Wengi hudhani amri hiyo ni ya mahakamani tu. Hapana! Shahidi ni mtu anayesema alichokiona. Ukisema usichokiona kana kwamba ulikiona, wewe ni shahidi wa uongo, hata kama ulikuwa unatumia tu ulichotumiwa. Kidole kimoja kwenye simu kinaweza kuvunja amri ya Mungu mara mia kabla ya chai ya asubuhi.

Najua utaniambia, "Pasta, huyo mwandishi ni mwanasiasa, anatumia watoto." Labda ni kweli, labda si kweli. Lakini hata mwanasiasa akiandika uongo, dawa ni kuusikiliza na kuujibu. Mwaka wa 2013, shule hiyo hiyo na mwandishi huyo huyo walikuwa na mchezo Shackles of Doom. Ulipigwa marufuku, Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo, na Kenya haikuanguka. Mchezo mbaya hujiangusha wenyewe ukionekana. Unaofichwa ndio huzaa uvumi, na uvumi ndio chakula chenu wiki hii.

Utaniambia pia, "Lakini kuigiza ni mambo ya dunia." Ndugu yangu, nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Haikuwa habari, ilikuwa hadithi ya kubuni. Mfalme aliisikiliza MPAKA MWISHO, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye, na akatubu. Soma 2 Samweli 12. Daudi alikuwa na askari na jela. Kama angemfukuza Nathani baada ya sentensi ya kwanza, angekufa na dhambi yake moyoni.

Sasa rudi Yohana 7. Wakubwa wanataka kumhukumu Yesu. Nikodemo peke yake anauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Wanamjibu nini? Hawamjibu kwa hoja. Wanamkejeli kama naye ni Mgalilaya, kwa sababu kwao hakuna nabii anayeweza kutoka Galilaya. Galilaya, watu wa ziwa!

Watu wa Mfangano, hapo mnajua maumivu yake. Ni mara ngapi mtu wa bara ambaye hajawahi kuvuka maji ameeleza dunia nzima sisi ni watu gani? Amesikia habari ya jaboya, basi kila mama anayeuza omena ufuoni ameshahukumiwa. Amesikia habari ya ugonjwa, basi kila mvuvi ni maiti inayotembea. Wewe mama uliyelea watoto watano kwa kapu la samaki, unachomwa moyoni kila ukisikia hivyo. Na una haki ya kuchomwa, kwa sababu hakuna aliyekuja kukuuliza.

Basi mbona unamfanyia binti wa Butere yale unayolia ukifanyiwa?

Hao ni watoto wa shule. Wana umri wa binti yako aliye nyumbani sasa kwa likizo. Kama wangekuwa wake, ungetuma kile kikaragosi cha kucheka juu ya picha ya moshi? Yule anayecheka mtoto akikimbia vitoa machozi hana tofauti na wakubwa wa Hekaluni, waliokasirika kusikia watoto wakipaza sauti za Hosana. Mathayo 21:15-16. Yesu hakuwanyamazisha wale watoto. Aliwatetea mbele ya wakubwa. Kesho tutabeba matawi na kuimba habari hiyo. Tutaimbaje kama wiki nzima tumekuwa upande wa waliokasirika?

Sisemi upende kila mchezo na kila kipindi cha televisheni. Kuna vingine ni takataka, na nitavikemea madhabahuni bila kumwogopa mtu. Lakini kemea ulichokiona, kwa jina lake, kwa kosa lake. Usichokiona, nyamaza au uliza.

Wiki hii ya Pasaka nakupa kazi mbili. Ya kwanza: kabla ya kutuma maoni juu ya msanii, mchezo au mwigizaji yeyote, jiulize kwa sauti, "Nimeuona, au nimeambiwa?" Kama umeambiwa, kidole kipumzike. Ya pili: muulize binti yako leo jioni yeye anafikiri nini juu ya mambo ya Butere. Kisha nyamaza, na umsikilize mpaka mwisho kama Daudi. Huenda nyumbani kwako yuko Nathani na hujui.

Baba, weka mlinzi kwenye vinywa vyetu na kwenye simu zetu. Walinde watoto wa taifa hili, na utupe masikio kabla ya midomo. Katika jina la Yesu.

Kama umesoma mpaka hapa, sasa andika AMINA.