Ordinatere ije kwa vituo vya afya, lakini mtoto apimwe uzito kwanza

Ndugu wasikilizaji wa Mwadingusha, na ninyi jamaa mliokimbia vita na mnaishi kati yetu, juma hii nataka tuongee juu ya kikaratasi.

Msimu wa mvua uliopita nilipeleka mtoto wa dada yangu kwa kituo cha afya. Ni kipi, sitataja. Karibu yetu kwenye benchi alikaa mama mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba, mtoto mgongoni, homa tangu usiku. Muuguzi akamwandikia kikaratasi cha labo, mtoto akachomwa kidole. Tukangoja. Matokeo hayakurudi. Muuguzi akaandika kikaratasi kingine, mtoto akachomwa mara ya pili, na mama akaambiwa alipe tena. Franga hakuwa nazo. Alikaa pale mpaka saa tisa ya mchana, wakati mtu wa labo alipokuta karatasi ya kwanza chini ya kaye. Malaria ilikuwa imeonekana tangu asubuhi.

Hakuna aliyefanya vile kwa ubaya. Muuguzi alikuwa mmoja na benchi ilijaa. Lakini mtoto alipoteza siku nzima bila dawa, na malaria haimngojei mtoto mdogo.

Siku hizi watu wengi wanasema dawa ya shida hii ni ordinatere: muuguzi aandike agizo kwa mashini, labo walione palepale, matokeo yarudi, farmasi wajue watoe nini. Mimi nakubali. Tena nasema wahamishwaji ndio watafaidika zaidi. Aliyekimbia usiku hakubeba kaye ya mtoto. Jina lake linaandikwa namna tatu kwa vituo vitatu, na kila mahali anaanza upya. Agizo likiandikwa mara moja, na jina moja na namba moja, hatalipa mara mbili kwa kidole kimoja.

Lakini tusidanganyane. Takwimu za kila mwezi za afya hapa kwetu Kongo tayari zinapita kwa programu inayoitwa DHIS2. Ile inahesabu wagonjwa, ni jambo zuri. Haipeleki agizo la mtoto wako kwa labo. Basi mtu akija kutuambia “ordinatere zimefika”, tumwulize: ni za kuhesabu ao ni za kutibu?

Tuangalie wenzetu wa Kenya. Mwaka 2001, kwa kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret, waliweka ordinatere mbili kwa kutunza habari za wagonjwa. Waliopima kazi hiyo waliona kwamba muda wote wa mgonjwa kituoni ulipungua 22%. Muda anaokaa mbele ya mhudumu ulipungua 58%. Kutoka kazi hiyo, na wenzao wa Marekani, ilikuja programu OpenMRS, ambayo inatumiwa leo katika inchi nyingi.

Hiyo 58% inanifurahisha na inaniogopesha. Kama muda uliopungua ni ule wa kuandika jina, kijiji na umri mara nne, asante Mungu. Kama ni muda wa kumsikiliza mama, hapo tumepoteza. Mama anayeongea Kiluba, anayetafuta neno la Kiswahili la kueleza namna mtoto alivyotetemeka usiku, anahitaji zile dakika. Mashini nzuri inampunguzia muuguzi biki, ili macho yake yabaki kwa mgonjwa. Mashini mbaya inamfanya atafute jina la dawa moja ndani ya orodha ya mamia, mgongo kwa mama.

Kwa hiyo wenye kutengeneza programu wanaweka orodha fupi zilizo tayari: ugonjwa fulani, vipimo vyake, dawa zake, siku ya kurudi, vyote kwa kubonyeza mara moja ao mbili. Hapa kwetu malaria, kuhara na nimonia ya watoto vingestahili kuwa juu kabisa. Orodha hiyo wasiipange watu wa mbali peke yao. Waketi na wauguzi wanaofanya kazi usiku, wawaulize: kila siku munaandika nini?

Tena kuna hatari ndani ya wepesi huo. Chukueni dawa ya malaria ya artemether na lumefantrine, ile ya vidonge tunayoijua wote. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya kilo 15 anapata kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, siku 3: jumla 6. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 anapata 2 asubuhi na 2 jioni: jumla 12. Kidole kikibonyeza agizo lililo tayari bila kuangalia uzito, kosa linafika farmasi haraka kuliko zamani. Ndiyo maana nasema programu ikatae kupeleka agizo la mtoto kama kilo hazijaandikwa. Na mizani iwepo, ifanye kazi. Ordinatere bila mizani ni hasara.

Wengine watasema: umeme je? Bwawa letu juu ya Lufira linatoa umeme tangu 1930, na mwaka 2021 mashini sita mpya zilimalizika, megawati 78, umeme unaosaidia mgodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi. Lakini sisi tunajua kwamba kuishi karibu na bwawa si sawa na kuwa na umeme usiokatika. Mosoriot walikuwa na betri za jua tangu mwanzo. Sisi pia tudai hivyo. Na karatasi isitupwe. Huko Eldoret waliwahi kuchapa karatasi ya kumkumbusha mhudumu kwamba mgonjwa huyu bado hajapimwa CD4. Penye ukumbusho, vipimo vilivyopaswa viliagizwa kwa 53%. Pasipo nao, 38%. Unaona? Mashini na karatasi vilisaidiana.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa zoni ya afya, wafadhili, na kamati zetu za CODESA: siku ya kuleta ordinatere, leteni pia betri, mizani na mafundisho, na muulize muuguzi mbele ya kununua.

Na wewe mama, baba, usingoje siku hiyo. Kesho ukifika kituoni, omba mtoto apimwe uzito kabla dawa haijaandikwa. Omba muuguzi akusomee kikaratasi: kipimo gani, dawa gani, mara ngapi, siku ngapi. Sema jina la mtoto namna moja kila mahali. Weka kaye yake ndani ya mfuko wa plastiki, karibu na mlango, ili ukitoka mbio nayo itoke.

Yule mtoto wa Mitwaba alipona. Nilimwona juzi anacheza njiani. Tusingoje bahati nyingine namna ile.