AFYA NYUMBANI: Dawa ya Kupaka Nayo ni Dawa



Tazameni kanisani siku ya Dominika, wakati watu wanapopiga magoti. Vijana hushuka mara moja na kuinuka mara moja. Lakini wazee wetu hushika benchi kwa mikono miwili na kushuka polepole. Wengine hubaki wamekaa, si kwa kukosa heshima, bali kwa sababu ya maumivu.

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare kazi huyachosha magoti mapema. Akina mama huinama kutwa katika mashamba ya mpunga na mihogo, kisha hurudi nyumbani na mzigo mzito. Wachimbaji wa dhahabu huko Kabambare huchuchumaa majini saa nyingi. Miaka ikipita, gegedu, yaani ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane, huanza kulika. Kiungo huvimba, hukakamaa asubuhi, na huuma. Watu huyaita maumivu hayo baridi yabisi, ingawa baridi siyo iliyoyaleta.

Leo tuseme juu ya dawa ambayo wengi wanayo nyumbani lakini wachache wanajua kuitumia: ile marhamu au jeli ya kupaka kwenye kiungo, ambayo wengine huiita pomada.

Tuchukue mfano. Mama mzee anaumwa goti. Mwanawe amemnunulia sokoni vidonge vya diklofenaki visivyo na kasha wala maandishi. Mjukuu naye amemletea tyubu ya jeli. Asubuhi mama anameza kabla ya kula, mchana anameza tena, jioni anapaka. Baada ya siku chache tumbo linamwungua, na choo chake kinakuwa cheusi kama lami. Anapelekwa kituo cha afya.

“Mama, unatumia dawa gani?” auliza muuguzi.

“Vidonge hivi tu, mwanangu.”

“Hakuna nyingine?”

“Hakuna. Yapo mafuta ya kupaka, lakini hayo si dawa.”

Hapo ndipo penye kosa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama huyu hakuficha kwa makusudi. Hakujua tu kwamba ndani ya vidonge na ndani ya tyubu mlikuwa na dawa ile ile moja.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alieleza jinsi aspirini inavyotuliza maumivu, na kwa utafiti wake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili. Mwili hutengeneza vitu fulani viitwavyo prostaglandini, ambavyo huongeza uvimbe na maumivu. Aspirini huzuia vitu hivyo, na ndugu zake, yaani ibuprofeni, diklofenaki na ketoprofeni, hufanya vivyo hivyo. Lakini vitu hivyo hivyo huulinda pia utando wa tumbo na kuzisaidia figo. Basi amezaye vidonge hivi siku nyingi aweza kupata vidonda vya tumbo, kutokwa damu ndani, au kudhuriwa figo na moyo. Wazee ndio walio katika hatari zaidi.

Dawa ya kupaka hupita njia nyingine. Huingia katika ngozi mpaka kwenye kiungo, na sehemu ndogo tu hufika katika damu. Jeli ya diklofenaki ilipopimwa kwa watu waliopaka goti moja, kiasi kilichoingia katika damu kilikuwa kama sehemu 6 katika 100 za kile cha vidonge. Kwa hiyo kwa goti linalouma, waganga wa nchi nyingi hushauri dawa ya kupaka kwanza, kabla ya vidonge. Sehemu 6 si nyingi, lakini si sifuri. Ndiyo maana twasema: paka mahali pa kumeza, usipake juu ya kumeza.

Haya ndiyo mambo ya kushika.

Kwanza, soma jina. Majina yale manne ya hapo juu utayatambua kwenye kasha, ingawa Kifaransa huyaandika kwa namna yake. Tazama pia tarehe ya mwisho wa kutumika. Kama mzee hajui kusoma, mwanafunzi wa nyumbani amsomee. Hiyo ni kazi njema ya elimu yake. Marhamu yenye kunukia na kuchoma ngozi kidogo hupoza maumivu kwa muda, lakini nyingi si za jamii hii. Na krimu zile za kuchubua ngozi si dawa ya viungo hata kidogo.

Pili, pima. Kwa jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, goti la mtu mzima hupakwa gramu 4 kila mara, na mkono gramu 2, mara 3 au 4 kwa siku. Kwa viungo vyote pamoja usizidi gramu 32 kwa siku. Tyubu ya gramu 50, kwa goti moja mara 3 kwa siku, hutosha siku 4 hivi. Ikiisha kwa siku moja, jua kwamba mmezidisha. Tyubu yenye nguvu nyingine hufuata maandishi yake yenyewe.

Tatu, paka mahali panapofaa. Dawa hii hufaa kwa goti, vidole, kiwiko na kifundo cha mguu, kwa kuwa viungo hivi viko karibu na ngozi. Kwa nyonga iliyo ndani sana haifai sana. Usipake kwenye kidonda, kwenye upele, machoni wala mdomoni. Ukiisha kupaka, nawa mikono kwa sabuni. Lakini kama mikono ndiyo inayotibiwa, ngoja saa moja kabla ya kunawa.

Nne, usifunge wala usichome. Usifunike kwa plastiki, wala usikande kwa maji ya moto mahali ulipopaka, maana joto huisukuma dawa ndani kupita kiasi. Acha ikauke kama dakika 10 kabla ya kuvaa. Nguo iliyopata jeli hushika moto upesi, basi mama anayepika asikaribie mafiga akiwa na kitenge kilicholowa dawa.

Tano, jihadhari na jua. Ketoprofeni ya kupaka, ikipigwa na jua, yaweza kuunguza ngozi vibaya. Mwaka 2010 wakuu wa dawa wa Ulaya waliagiza kwamba mahali palipopakwa pafunikwe kwa nguo siku zote za kutumia dawa, na majuma 2 baada ya kuacha. Sisi tunaoishi chini ya jua kali tuna sababu kubwa zaidi ya kushika agizo hilo.

Sita, wako wasiopaswa kupaka bila shauri la mganga: aliyepata kubanwa pumu au kuvimba kwa ajili ya aspirini, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande. Mama mjamzito asitumie kwa shauri lake mwenyewe, hasa kuanzia mwezi wa tano, kwa maana dawa za jamii hii zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Saba, usingoje mno. Ikiwa juma moja limepita pasipo nafuu, nenda kituo cha afya. Wala usipake zaidi ya majuma 3 bila kuonwa na mganga. Ukiona choo cheusi, au ukatapika damu, nenda siku ile ile. Vivyo hivyo kiungo chekundu, cha moto, chenye homa: humo huenda mna vijidudu vinavyoweza kukiharibu kwa siku chache. Na mtoto mwenye viungo vilivyovimba msimpake mkangoja. Yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata ugonjwa wa koo na kuuharibu moyo, au ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika Kongo.

Watu wa Kasongo njia hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1970 waganga waliofanya kazi hapa, wakishirikiana na Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerp, huko Ubelgiji, walijenga mpango wa vituo vya afya: mgonjwa aanze kwenye kituo kilicho karibu na nyumba yake, na akizidiwa apelekwe hospitali. Jina la Kasongo lilijulikana mbali kwa ajili ya mpango huo. Lingekuwa jambo la aibu tukikipita kituo ili kumwuliza mchuuzi wa dawa njiani.

Tena dawa peke yake haitoshi. Goti hupenda kutembezwa: kutembea kidogo kila siku, na kuunyosha mguu ukiwa umekaa, huitia nguvu misuli inayolishika goti. Kifimbo si aibu. Na ninyi vijana, mzigo wa kuni na ndoo ya maji vichukueni ninyi. Hiyo nayo ni dawa ya magoti ya wazee, tena haina madhara yoyote.

Basi, leo jioni fungueni kisanduku cha dawa cha nyumbani. Vitoeni vidonge na tyubu, mvisome majina, na mwulizeni mzee anatumia nini. Mkikuta jina lile lile pande zote mbili, asitumie vyote kwa pamoja. Kesho asubuhi mchukueni pamoja na dawa zake mpaka kituo cha afya.

Kwaherini mpaka juma lijalo.