Ushuru wa Marekani na wiski iliyosubiri miaka 25

Chupa ya wiski ya Scotland iliyokaa miaka 25 katika pipa lililowahi kuhifadhi mvinyo wa Sherry, inapofika katika duka la pombe mjini Arlington, jimbo la Texas, huuzwa kwa mamia ya dola, na wakati mwingine maelfu. Ndani ya bei hiyo mna gharama ya muda, ya mbao, na ya maamuzi ya serikali zilizo pande mbili za bahari ya Atlantiki.

Arlington iko kati ya Dallas na Fort Worth, eneo ambalo ni makazi ya maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Wengi wao hawanywi pombe, baadhi kwa sababu ya imani zao. Hata hivyo, mvutano wa kibiashara uliokizunguka kinywaji hiki unawahusu, kwani ushuru wa aina hiyo hiyo umezifikia nchi walikotoka.

Ladha inayotoka kwenye mbao

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 inataka wiski ya Scotland ikae ndani ya pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua mitatu, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri unaoandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Ile inayosakwa zaidi na waonjaji hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee, katika kiwanda kimoja.

Pipa la Sherry, mvinyo wa eneo la Jerez kusini mwa Uhispania, huipa wiski rangi ya kahawia iliyokolea na ladha ya zabibu kavu, tende na viungo. Msomaji wa Unguja au Pemba angeitambua mojawapo ya harufu hizo bila kufundishwa: mwaloni una kemikali ya yujenoli, ile ile inayoipa karafuu harufu yake.

Lakini subira ina gharama. Inakadiriwa kwamba asilimia 2 hivi ya wiski hupotea kila mwaka kwa njia ya mvuke, kiasi ambacho watengenezaji hukiita fungu la malaika. Kwa hesabu hiyo, baada ya miaka 25 pipa huwa limepoteza takriban asilimia 40 ya kilichomo. Mnamo Novemba 2023, chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926, iliyokaa miaka 60 katika mapipa ya Sherry, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2.

Mgogoro wa ndege

Mwezi Oktoba 2019, Marekani iliiwekea wiski ya kimea ya kiwanda kimoja kutoka Scotland ushuru wa asilimia 25. Chanzo hakikuwa wiski. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilikuwa limeiruhusu Washington kutoza ushuru bidhaa za Ulaya zenye thamani ya dola bilioni 7.5, kwa sababu ya ruzuku iliyopewa kampuni ya ndege ya Airbus.

Ushuru huo ulisitishwa Machi 2021. Kwa mujibu wa Chama cha Wiski cha Scotland, sekta hiyo ilikuwa imepoteza mauzo ya zaidi ya pauni milioni 600. Kisha Aprili 2025 utawala wa Rais Donald Trump ukatangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Uingereza, na makubaliano ya Mei mwaka huo baina ya nchi hizo mbili hayakuuondoa.

Mtengenezaji aliyejaza pipa mwaka 1994 hakuweza kujua kwamba lingefunguliwa katikati ya mgogoro wa ndege. Anaweza kuchelewesha mauzo, lakini si bila kikomo: mbao zikizidi huifunika ladha ya kimea, na kilevi kikishuka chini ya asilimia 40, kinywaji hicho hupoteza haki ya kuitwa wiski ya Scotland.

Nani anaweza kusubiri?

Aprili 2025, Kenya, Tanzania na Uganda nazo zilitangaziwa kiwango hicho hicho cha asilimia 10. Mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ulifikia kikomo Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati. Shati lililoshonwa Athi River haliongezeki thamani likikaa ghalani, na kahawa hupoteza ubora. Anayeuza bidhaa hizo hana hata ile nafasi finyu ya kusubiri aliyonayo mwenye pipa.

Kampuni kubwa zina njia nyingine. Mwaka 2022, Diageo ya Uingereza, inayomiliki viwanda vingi vya wiski Scotland, ilinunua kiwanda cha Balcones kilichoko Waco, Texas, ambako joto huikomaza wiski kwa miaka michache tu. Desemba 2024, Marekani ilitoa kanuni inayoitambua rasmi wiski ya kimea ya nchi hiyo, bila kuiwekea umri wa chini. Na Desemba 2025, Diageo ikatangaza kuuza hisa zake katika kampuni ya bia ya Afrika Mashariki, EABL, kwa kampuni ya Asahi ya Japani.

Kampuni ya namna hiyo inaweza kuhamishia mtaji wake mahali ambapo ushuru haufiki. Mshonaji wa Athi River na mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hawawezi. Kwao, muda wa mkataba wa biashara ni muhimu sawa na kiwango cha ushuru, na hilo ndilo serikali za Afrika Mashariki zinapaswa kulitanguliza kila zinapoketi mezani na Washington.