Chombo Usichoweza Kukifungua

Kipo kicheko kimoja ambacho kimenikera kwa muda sasa, nami leo nimekusudia kukijibu. Nilikisikia barazani kwangu, siku chache baada ya kurejea kutoka Marekani nilikokwenda kumtembelea binti yangu. Wenzangu, wengi wao walimu wastaafu kama mimi, walitaka habari za huko. Walitarajia niwasimulie maghorofa na barabara. Mimi nikawasimulia habari za mzee mmoja wa jimbo la Iowa ambaye banda lake limejaa mashine za kufulia nguo za miaka ya 1950 na 1960. Huzifungua, huzisafisha, huzifunga upya, kisha huzijaribu kwa kufua mataulo. Nilipofika kwenye mataulo, baraza zima likaangua kicheko. "Mwalimu," akasema mmoja, "hao wamekosa kazi ya kufanya. Shibe mwana malevya."

Nilinyamaza siku ile, kwa kuwa mtu hashindani na kicheko. Leo nina kalamu mkononi, na kalamu haikatizwi maneno. Nasema hivi: watu wale wanaofufua mashine kuukuu hawachezi. Wanatunza elimu ambayo sisi wengine tumeiacha ipotee, na anayewacheka anajicheka mwenyewe bila kujua.

Niliwajuaje? Wiki ya pili ya ziara yangu, mashine ya kufulia ya binti yangu ilikufa. Ilikuwa na umri wa miaka minne tu, nzuri kwa macho, yenye taa na vibonyezo vya kugusa. Fundi alikuja na kompyuta ndogo, akasoma namba iliyotokea kwenye kioo, akatangaza kuwa kadi ya elektroniki imeungua. Mota ilikuwa nzima. Pampu ilikuwa nzima. Pipa lilikuwa linang'aa kama sahani ya harusi. Kilichokufa ni kadi moja isiyozidi kiganja cha mkono, na bei ya kuibadilisha, pamoja na ujira wa fundi, ilikaribia bei ya mashine mpya. Siku ya tatu mashine ile ikawekwa kando ya barabara pamoja na takataka. Nilisimama dirishani nikaitazama inavyopakiwa. Kwetu hata ndoo iliyotoboka hupandwa mboga.

Ndipo jirani, mzee wa rika langu, akamwambia binti yangu alete nguo zake bandani kwake mpaka apate mashine nyingine. Nikazibeba mimi. Nilikwenda kufua, nikarudi nimefundishwa.

Mashine za mzee yule ni zile zenye mfuniko juu, kama sanduku. Ndani kuna pipa lenye matundu, na katikati yake umesimama mhimili wenye mapezi unaokwenda na kurudi, ukizisukasuka nguo majini. Nyingi zilikuwa za kampuni ya Maytag, ya mji wa Newton katika jimbo hilohilo. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1893 ikitengeneza zana za kilimo, ikaingia katika mashine za kufulia mwaka 1907, na mwaka 1949 ikatoa mashine yake ya kwanza ya kujiendesha yenyewe ya mfuniko juu. Mwaka 2006 ilinunuliwa na kampuni ya Whirlpool, na mwaka 2007 kiwanda cha Newton kikafungwa. Mji uliolelewa na mashine za kufulia ukabaki bila kiwanda chake.

Lakini mashine zenyewe hazikufungwa pamoja na kiwanda. Ziko katika vyumba vya chini ya nyumba, katika mabanda ya mashambani, katika minada ya mali za marehemu. Wapenzi wake huzitafuta huko. Huzileta zimejaa kutu na viota vya panya. Hutoa pipa, hubadilisha mipira inayozuia maji yasiingie kwenye giaboksi, humwaga oili ya zamani na kutia mpya, hung'arisha kwa msasa ncha za shaba ndani ya saa inayoongoza hatua za kufua. Vipuri ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza, wapo wanaovichongesha upya. Vitabu vya mafundi vya miaka hiyo huvihifadhi kama sisi tunavyohifadhi hati za shamba.

Kisha hujaribu. Hapa ndipo baraza langu lilipocheka, basi nieleze mataulo yale yana kazi gani. Hujaza pipa maji na mataulo, huweka moja lenye rangi tofauti, halafu hufungua mfuniko na kulifuata kwa macho. Katika mashine iliyo nzima, nguo huzama karibu na mhimili, hupita chini, na kupanda tena pembeni. Taulo lile likikaa juu bila kuzama, kuna kasoro: pengine nguo zimezidi, pengine maji hayatoshi, pengine mapezi yamekwisha. Baadaye husikiliza mashine inapokamua. Mkanda uliolegea una sauti yake, na pampu iliyokwama ina sauti yake. Niulize, msomaji: mtihani wa namna hiyo, wenye swali, uchunguzi na hukumu, ni wanafunzi wangapi wa sayansi katika shule zetu wamewahi kuufanya kwa mikono yao?

Mzee akainamisha mashine moja ukutani, akanionyesha chini yake. Nilifundisha Historia na Kiswahili maisha yangu yote, na umeme naujua kwa kuulipia tu. Lakini baada ya nusu saa nilikuwa nimeelewa. Mota ni moja. Ikizunguka upande huu, mhimili unafua. Ikigeuka upande wa pili, breki inaachia na pipa zima linazunguka kukamua. Mikanda ni miwili, mmoja wa kuzungusha giaboksi, mwingine wa pampu. Mota yenyewe imekaa juu ya kitako kinachoteleza, kimeshikwa na springi, ili pipa zito linapoanza kuzunguka mkanda uteleze kidogo badala ya kukatika. Mhandisi aliyefikiri hivyo miaka mingi iliyopita alikuwa ananieleza fikra yake, mimi mgeni niliyetoka mbali, bila neno hata moja kati yetu. Mashine ya binti yangu haikunieleza kitu. Ilitoa namba, ikafa.

Sasa nizijibu hoja za wanaocheka, moja baada ya nyingine, kwa kuwa si zote za kipuuzi.

Wa kwanza husema: hao ni watu wasio na kazi. Huyu simjibu kwa urefu. Mtu akikusanya stempu tunamwita msomi, akifuga njiwa tunamwita mpole. Kwa nini yule anayepaka mikono yake grisi ndiye awe mwendawazimu? Nashuku kinachochekwa si mashine, ni grisi.

Wa pili ana hoja yenye uzito. Husema mashine zile zinakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Ni kweli. Mashine ya zamani ya mfuniko juu hutumia kiasi cha lita 150 kwa mzigo mmoja wa nguo, na zile mpya zenye mlango mbele hutumia nusu ya hapo au chini zaidi. Umeme wa kupasha maji nao hupungua. Sitaki kumdanganya mtu: mimi ninayekaa mji ambao bomba hutoa upepo siku tatu kwa wiki siwezi kusifu lita 150. Lakini naomba nijibiwe swali moja. Nani aliyesema kwamba mashine inayookoa maji ni lazima iwe haifunguki? Ni wapi maji na skrubu vilipogombana? Kuokoa maji ni jambo moja, na kumnyima mnunuzi kipuri ni jambo lingine kabisa. Wenye viwanda wameyafunga mambo hayo mawili katika kifurushi kimoja, nasi tumelipokea la pili kwa kulishukuru la kwanza. Na chuma kilichochimbwa, kikayeyushwa na kusafirishwa ili kifue kwa miaka minne tu, hesabu yake iandikwe katika daftari la nani?

Tena si mimi peke yangu ninayeuliza. Tangu Machi 2021, sheria za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wahakikishe vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka 10 baada ya toleo husika kuacha kuingizwa sokoni. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2023 sheria iliyoanza kutumika Julai 2024, inayodai vipuri, zana na maelezo ya matengenezo kwa miaka 7 kwa vifaa vya elektroniki na vya nyumbani ambavyo bei yake ya jumla ni dola 100 au zaidi. Mabunge hayakai kutunga sheria kwa sababu ya wazee wasio na kazi. Yametunga kwa sababu wananchi wamechoka kuwa wapangaji wa vyombo walivyovinunua.

Wa tatu ndiye wa kwetu, na ndiye aliyenifanya niandike. Husema: "Mwalimu, sisi tunafua kwa beseni. Hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Angalia maduka ya mitumba ya umeme katika miji yetu: majokofu, majiko, mashine za kufulia, vyote vimetoka kwa watu waliovichoka. Mama wa mjini aliyeinamia beseni miaka 30 akipata mashine ni haki yake, nami namwombea aipate. Lakini ataipata ikiwa imebakiza miaka michache, nayo ikifa, itafia kwake. Wenzetu wana pa kulalamika. Sisi tutabaki na sanduku la bati.

Na hapa sina budi kukiri jambo ambalo sikulisema barazani.

Nilipokuwa chuo cha ualimu mapema miaka ya 1970, Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na miaka michache tu tangu itangazwe mwaka 1967. Mkufunzi wetu wa ufundi hakuturuhusu kugusa cherehani ya chuo mpaka tuifungue yote, tupange vipande juu ya gazeti, na tuifunge tena ishone. Tulinung'unika. Nilitumia siku mbili, na skrubu moja ilinibakia mkononi. Akaniambia nianze upya. Cherehani ile ninaikumbuka vizuri zaidi kuliko vitabu vyote vya saikolojia nilivyosomeshwa.

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa shule, niliifunga karakana ya shule yangu. Mwalimu wa ufundi alikuwa amestaafu, nami sikuomba mwingine. Niliuza jiliwa na misumeno kwa bei ya chuma chakavu, nikageuza chumba kile kuwa darasa la ziada la kujiandaa na mitihani. Ufaulu ulipanda, nikapongezwa. Wavulana waliokuwa wazito wa kukariri niliwaambia mbele ya wenzao: "Usiposoma utaishia kuwa fundi." Nilisema hivyo mara nyingi, kama kiitikio. Hakuna mtu aliyenituma. Hakuna sera iliyonilazimisha. Ni mimi.

Mmoja wa wavulana wale leo anatengeneza majokofu chini ya mwembe, hatua mia mbili kutoka kwangu. Kila nikipita husimama, huniamkia "Shikamoo Mwalimu," na hunifutia kiti. Hajawahi kunikumbusha maneno yangu. Mwaka jana nilimpelekea jokofu langu. Akalifungua, akapima, akaniita nitazame. "Mwalimu, mota nzima, gesi ipo. Kadi ndiyo imekufa. Ningeijaribu kwa lehemu, lakini ona, wameimwagia gundi ngumu juu yake. Hawakutaka niione." Nikaitazama gundi ile. Nikakumbuka kufuli niliyoitia mwenyewe kwenye mlango wa karakana.

Kwa hiyo siwaandami wenye viwanda peke yao. Wao walifunga chombo, sisi tulifunga darasa. Kiwanda kinaweza kuuza sanduku lisilofunguka kwa sababu kinajua mnunuzi hana hamu ya kulifungua, na hamu hiyo tuliiua sisi wenye chaki. Wazee wale wa Iowa na mataulo yao wanaihifadhi kwa niaba ya nchi yao. Kwetu anaihifadhi nani, zaidi ya kijana aliye chini ya mwembe, ambaye hana wa kumrithisha kwa kuwa tumewaambia watoto wote wakae mbali naye?

Ninalotaka si kubwa. Kila shule ipate chumba kimoja chenye meza imara, spana, bisibisi na vyombo vibovu. Pasi, feni, redio, na ikipatikana, mashine ya kufulia. Mwanafunzi apimwe kwa kukifungua chombo, kueleza kinavyofanya kazi, na kukifunga kikiwa kinafanya kazi. Na anayefundisha humo awe fundi wa mtaani, alipwe kama mwalimu na aamkiwe kama mwalimu.

Mwenye kicheko na acheke. Ila kabla hajacheka, aende nyumbani kwake, achague chombo kimoja anachokiita chake, akifungue, na akifunge tena kama kilivyokuwa. Akishindwa, aje barazani, tumcheke yeye kwanza. Mimi nimeshaanza: ile pasi yangu imelala juu ya gazeti tangu juzi, na skrubu moja imebaki.